Lindi, Masasi, Newala, Mtwara: siku tisa na tela la sola na mita ya betri iliyokuwa inadanganya

Safari imeisha, tela limeshaoshwa, daftari limejaa vumbi. Kila saa 12 asubuhi na saa 12 jioni tulipiga picha kioo cha mita ya betri na kioo cha kontrola ya sola, na picha hizo ndizo zilizotuwezesha kuipanga safari upya siku kwa siku. Atakayepita njia hii na tela lenye umeme wake afanye hivyohivyo. Mita ikianza kusema uongo, hutaujua kwa kuitazama mara moja. Utaujua ukiwa na namba za siku tatu umezipanga pamoja.

Kwanza kilichofungwa. Tela ni la ekseli moja, linavutwa na pikapu ya dizeli. Juu ya paa kuna paneli mbili za wati 100 zilizounganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinaingia kwenye kontrola (kidhibiti cha chaji ya sola) ya aina ya MPPT ya ampea 20. Ndani kuna betri mbili za AGM, yaani betri za risasi zilizofungwa zisizoongezwa maji, za volti 12, ampea-saa (Ah) 100 kila moja, nazo sambamba, jumla Ah 200. Za kutumia ni Ah 100 tu, maana betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu kila mara utainunua tena mapema. Mzigo wa siku nzima tulioupima: friji dogo la kompresa Ah 40, simu na kompyuta Ah 10, feni Ah 6, taa Ah 4, pampu ya maji Ah 2. Jumla Ah 62.

Mita ya betri ni ya shanti. Shanti ni kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo sana unaojulikana, kinafungwa upande wa hasi, na mita inapima volti ndogo inayojitokeza juu yake umeme ukipita. Hapo inahesabu: zimetoka ampea ngapi, zimeingia ngapi, kwa muda gani. Kazi yake ni kama ya karani wa mzani kwenye ghala la korosho. Gunia lililopitia mlango wa nyuma halimo kwenye kitabu chake.

Siku ya 1: Lindi hadi Ndanda

Tuliondoka Lindi saa 2 asubuhi, mita inasoma 100%. Lami nzuri mpaka Mnazi Mmoja, pale njia ya Mtwara na ya Masasi zinapoachana. Tulikata kulia. Chai na chapati Mtama, sh 500 chapati moja, kubwa na ya moto. Nyangao tulipita bila kusimama. Ndanda tulifika saa 8 mchana.

Kuegesha tela la sola kuna ugomvi wake: watu wanataka kivuli cha mwembe, paneli zinataka jua. Tuliacha tela juani, tukakaa sisi mwembeni. Saa 12 jioni mita ilisema 87%.

Siku ya 2: Ndanda hadi Masasi

Saa 12 asubuhi: 71%. Friji lilizimwa nusu saa, volti zikasoma 12.7.

Namba hizo mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Kwa AGM iliyotulia bila mzigo wala chaji, hesabu ya kukadiria ni hii: volti 12.8 imejaa, 12.5 robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 imebaki robo. Nusu saa haitoshi kuitwa kutulia, saa kadhaa ndiyo haki yake, lakini hata hivyo 12.7 si betri ya 71%. Tuliandika daftarini tukaendelea. Kosa moja la siku moja linaweza kuwa la macho.

Tulipita abasia ya Wabenediktini, misheni iliyoanza mwaka 1906, kisha kilomita 40 hivi mpaka Masasi. Majabali ya Masasi unayaona kabla ya mji, yamekaa kama mtu aliyamwaga akasahau kuyazoa. Jioni mita: 56%.

Siku ya 3: Masasi, hatukutoka

Asubuhi mita 41%, volti 12.6. Sasa ilikuwa wazi. Betri ya risasi yenye 41% ingekuwa karibu na 12.1.

Saa 3 asubuhi jua limekaa vizuri tukafanya jaribio ambalo kila mwenye mita ya shanti anapaswa kulifanya siku ya kwanza, kabla ya kutoka nyumbani. Zima kila kitu: friji, taa, feni, pampu. Acha sola peke yake. Kontrola ilisema inaingiza ampea 6.2. Mita ya betri ilisema 0.0.

Unafuata waya mweusi kwa kidole. Ulitoka kontrola, ukapita nyuma ya tangi la maji, ukaenda kubanwa moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, juu ya waya wa shanti. Fundi aliyeunganisha alifuata njia fupi. Umeme wa friji ukitoka unapita kwenye shanti na kuhesabiwa, wa sola ukiingia unapitia mlango wa nyuma. Mita ilikuwa inaandika matumizi tu, haioni mapato, ndiyo maana ilishuka kila siku kwa zile Ah 62, sawasawa kama saa.

Kanuni yenyewe ni fupi: kwenye kichwa cha hasi cha betri, ukiacha ule unaounganisha betri mbili, unabaki waya mmoja tu, unaokwenda upande wa betri wa shanti. Hasi nyingine zote, za mzigo na za chaja zote, zikae upande wa pili.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi na spana namba 13, ambayo hatukuwa nayo. Fundi pikipiki wa jirani na gesti alitoa ya kwake, akasimama kutazama, akakataa hela: "Spana haiishi ikitumika, kaka." Mpangilio una umuhimu. Tenga paneli kwanza, au zifunike kwa turubai zito, ndipo uguse waya za betri. Kontrola nyingi hazipendi kuachwa na paneli juani huku betri imeondolewa, na nyingine hufa hapohapo. Ukirudisha, anza na betri, malizia na paneli.

Baada ya hapo mita bado haijui ukweli, imeanza tu kuhesabu vizuri kutoka kwenye namba mbovu. Lazima betri ijae kabisa halafu uiambie hapa ni 100%. Mwenye gesti alituruhusu kuvuta umeme kwa sh 5,000. Chaja ya ampea 20 ilimalizia kazi ya jua, na saa 4 usiku volti zilikuwa 14.4 na mkondo umeshuka hadi ampea 3. Hapo ndipo tulipobonyeza 100%.

Tulikagua na mipangilio ya mita: ukubwa wa betri 200 (mita nyingi hutoka kiwandani na namba nyingine kabisa), kipeo cha Peukert (namba inayoiambia mita betri hutoa kidogo zaidi ikivutwa kwa kasi) 1.25 kwa betri ya risasi, ufanisi wa chaji 85% hadi 95%, AGM nzuri ikikaribia 95%. Wenye lithiamu waweke 1.05 na 99%. Hao wasijaribu kabisa kusoma ujazo kwa volti: lithiamu ya LiFePO4 inakaa kwenye 13.2 hivi kwa sehemu kubwa ya ujazo wake, halafu inaanguka ghafla. Kwao mita ya shanti si anasa.

Siku ya 4: Masasi hadi Newala

Kupanda uwanda wa Makonde na tela kunataka subira. Barabara ilikuwa inajengwa kwa vipande: lami, mchepuko, kifusi, lami tena. Gia ya pili, vumbi jekundu, mawingu yameshuka. Mapaa ya Newala yalionekana saa 7. Baridi ya uwandani mwezi wa saba si ya mchezo kwa mtu wa pwani, na upepo wa pale Shimo la Mungu, ukitazama bonde la Ruvuma, unapenya koti.

Mchana wote sola ilileta ampea 2 au 3. Saa 9 alasiri mita ilikuwa 88%, ambayo hesabu ya karatasi iliikubali. Jua likachungulia kama dakika kumi. Tulipotazama tena: 100%.

Uongo wa pili, safari hii wa kupandisha. Mita hujirudisha yenyewe 100% ikiona masharti matatu kwa pamoja: volti zimepita kiwango fulani, mkondo wa chaji umeshuka chini ya asilimia fulani ya betri, na hali hiyo imedumu dakika kadhaa. Yetu ilikuwa bado na namba za kiwandani: volti 13.2, mkondo 4%, dakika 3. Asilimia 4 ya Ah 200 ni ampea 8. Paneli za wati 200 siku ya mawingu hazifiki ampea 8 hata zikitaka! Jua likitokeza kidogo, volti zinapanda 13.5, mkondo ni 7, mita inasema imejaa.

Tulibadilisha: volti 14.0, mkondo 2% yaani ampea 4, dakika 5. Kwa nini si 14.2, wakati kontrola inachaji kwa 14.4? Kwa sababu ya joto. Kontrola yenye kipimo cha joto hupunguza kama milivolti 24 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Betri yenye nyuzi 35, na ndani ya tela la pwani ndiyo kawaida, inapata 14.16. Ukiweka 14.2, Newala itakubali ila Mtwara mita haitasema 100% milele.

Maji uwandani ni ya kuyahesabu, huwezi kuyamwaga ovyo. Nenda na madumu yako yamejaa tangu Masasi.

Siku ya 5: Newala hadi Tandahimba

Mikorosho kushoto, mikorosho kulia, na mwezi wa saba ni msimu wa salfa, dawa ya unga ya kukinga mikorosho na ukungu. Wakulima wanapuliza alfajiri, hewa imetulia na majani yana umande ili unga ushike. Usiegeshe tela kando ya shamba usiku ukadhani umepata pahali pa raha. Saa 1 asubuhi paneli zilikuwa za njano. Saa 6 mchana, mbingu safi, kontrola ilisoma ampea 6.4, wakati Masasi saa kama hiyo ilikuwa 9.3.

Kufuta kwa kitambaa kikavu ni kukwaruza kioo, vumbi la uwandani lina mchanga. Tukawa tunapima nusu ndoo ya maji ya kunywa kwa macho. Bibi mmoja aliyekuwa anamenya ming'oko, viazi vya porini, alituita. Shikamoo, marahaba wajukuu zangu, mnahangaika na nini? Alicheka alipoelewa. Akasema mabati yake huyafuta asubuhi, yakiwa yamelowa yenyewe. Kesho yake saa 12 kasoro paneli zilikuwa na umande wa kutosha kuchuruzika. Vitambaa viwili vya pamba, kimoja kufuta, cha pili kukausha, kutoka juu kwenda chini, bila tone la dumu. Saa 6 mchana: ampea 9.4. Ming'oko alitupa sahani nzima, ya kuchemsha na chumvi, na hela alizigeuzia mgongo.

Salfa pia inapaka shaba weusi. Vifundo vya waya vilivyo wazi vifutwe na kupakwa grisi kabla ya kuingia mashambani.

Hapo Tandahimba ndipo tulipoinua paneli. Mwezi wa saba jua la saa sita, huku kwenye nyuzi 10 na zaidi kusini mwa ikweta, limeinamia kaskazini kwa kama nyuzi 32. Paneli iliyolala inapoteza karibu 15% ya jua la mchana. Paneli zetu zina bawaba upande wa kaskazini, upana ni sentimita 54, basi ubao wa sentimita 27 chini ya ukingo wa kusini unazipa nyuzi 30 kamili, uso kaskazini. Ampea zikapanda hadi 10.8. Mwezi wa 12 usijisumbue, jua liko karibu na utosi. Na ubao utolewe kabla ya kuondoka. Upepo wa barabarani hautabisha hodi.

Siku ya 6: Tandahimba hadi Mtwara

Vumbi mpaka Mnivata, kuanzia hapo lami, Mtwara saa 9.

Siku ya 7: Mtwara, siku ya waya

Kilichobaki kututatiza: kwa nini saa tano za kuendesha hazikuongeza kitu cha maana kwenye betri? Tela lilikuwa linachajiwa na alteneta kupitia ile plagi ya pini 7 ya taa. Injini inaunguruma, multimita kwenye betri ya pikapu ilisoma 14.2. Kwenye betri za tela, 13.2.

Fanya hesabu. Waya ulikuwa wa milimita 1.5 za mraba, mita 8 kwenda na mita 8 kurudi. Ukinzani wa shaba ni omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita 1 ya mraba. Mita 16 mara 0.0175 gawanya kwa 1.5 ni omu 0.187. Ukitaka ampea 10 zipite, volti 1.87 zinapotelea njiani. Hakuna alteneta itakayokubali. Tofauti ikiwa volti 1 tu, zinapita ampea 5 na kidogo, na friji linazila zote likiwa linafanya kazi.

Dawa ni unene. Waya wa milimita 16 za mraba kwa urefu uleule ni omu 0.0175, ampea 20 zinapoteza volti 0.35. Usihangaike kutafuta waya maalumu: waya wa mashine ya kuchomelea unauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, ni laini, unakunjika, hauchoki kwa mtikisiko. Tulilipa sh 12,000 kwa mita baada ya kuvutana, mita 16, jumla sh 192,000. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote za safari, na hatuioni kama hasara. Juu yake plagi kubwa ya ampea 50, relei inayokata injini ikizimwa ili friji lisinywe betri ya kuwashia gari, na fyuzi mbili za ampea 50. Mbili, kwa sababu waya huu una betri kila mwisho. Ukikwaruzwa katikati ukagusa chesisi, moto unalishwa kutoka pande zote, na fyuzi moja inazima upande mmoja tu. Kila fyuzi iwe sentimita 20 au chini ya hapo kutoka kwenye betri yake.

Fundi wa kwanza alitaka kusokota waya kwa waya na kuzungusha tepu nyeusi. Tulimshukuru, tukaenda kwa mwenye koleo la kubania lagi, vile vichwa vya chuma vya mwisho wa waya. Sh 15,000 kazi yote, saa mbili na nusu. Baada ya hapo mita, ambayo sasa tunaiamini, ilisoma ampea 21 zikiingia.

Kwa wenye magari mapya: alteneta za siku hizi hushusha volti zenyewe kuokoa mafuta, na waya mnene peke yake hautasaidia. Hapo inatakiwa chaja ya kupandisha volti, inayofungwa kwenye tela, karibu na betri.

Siku ya 8: Msimbati

Kupitia Madimba, kisha mchanga. Tulipunguza upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 18, za tela pia, watu wengi husahau za tela. Eneo hili limo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma, kuna ada ya kuingia, na ulizeni kiwango cha siku hiyo kabla ya kutoka Mtwara.

Pweza wa kukaanga, wali wa nazi, sh 6,000 sahani. Wavuvi watatu walisukuma tela lilipozama.

Saa 5 kontrola ilisoma 9.6, kisha 4.9, mbingu haina hata wingu. Kuti moja la mnazi lilikuwa limetupa kivuli chembamba juu ya paneli ya kushoto. Seli 36 za paneli zimefungwa mfululizo kama watu wanaopokezana ndoo, mmoja akisimama mstari mzima unasimama. Paneli ya kulia iliendelea kwa sababu zetu ziko sambamba. Tulisogeza tela hatua nne.

Tulinunua kilo tano za changu tukaziingiza kwenye friji zikiwa za vuguvugu, na kompresa haikuzima mpaka usiku wa manane. Matumizi ya siku hiyo Ah 88. Tafuta barafu kwanza, poza samaki kwenye ndoo, ndipo friji.

Jioni, wakati wa kukagua, kichwa kimoja cha betri ya pili kilikuwa cha moto kuguswa. Nati ilikuwa imelegea kwa mtikisiko wa uwandani. Nati iliyolegea inaongeza ukinzani, inatoa joto, na betri ya kwanza inabeba mzigo wa zote mbili. Nati zikazwe kila baada ya barabara mbaya, na chanya ya tela itoke betri ya kwanza na hasi itoke betri ya pili, mzigo ugawanyike. Hewa ya chumvi ilikuwa tayari imeota ukungu wa kijani kwenye shaba. Brashi ya waya, grisi, kaza.

Siku ya 9: Msimbati, Mikindani, Lindi

Asubuhi 64%. Mikindani tulisimama kwa korosho, na mpaka Lindi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mtwara, waya mpya na jua walikuwa wameshaifikisha 90%. Saa 10 jioni volti zikagusa 14.1, mkondo ampea 3.6, mita ikasema 100% yenyewe, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli.

Kuliweka tela sasa: friji limezimwa na mlango umeachwa wazi, swichi kuu ya mzigo imekatwa, kontrola imeachwa na paneli na betri ili ishikilie 13.6. Kila wiki mbili mtu apande na kitambaa, alfajiri.